Viwanda vinakuja Pwani: nani atasafisha mfereji wa sakafuni?



Ijumaa iliyopita baada ya swala tulikaa barazani kama kawaida yetu, kahawa tungu na kashata mkononi, mazungumzo yakageukia viwanda. Mmoja akataja ule mpango wa kila kaunti kujengewa eneo la viwanda vya kusindika mazao kwa shilingi milioni 500, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Mwengine akataja Dongo Kundu. Mwengine akasema samaki wetu wa Shimoni na Liwatoni wakisindikwa hapa hapa badala ya kupita tu, vijana wataacha kukaa maskani. Kila mtu alikuwa akihesabu kazi.

Kisha mzee mmoja, ambaye hazungumzi sana, akauliza: "Na hiyo nyama yao itakuwa halali?" Sote tukaitikia kwa vichwa. Swali zuri, na Muislamu lazima aliulize.

Mimi nilikuwa na swali jengine, lakini sikulisema pale kwa sababu lingewashangaza. Nilitaka kuuliza: na ule mfereji wa sakafuni, ulio chini ya mashine ya kukatia nyama, atausafisha nani, saa ngapi, na kwa mshahara gani?

Nitaeleza kwa nini swali hilo linanikaa kooni. Nina stashahada ya teknolojia ya chakula na niliwahi kufanya kazi miaka miwili katika idara ya ubora ya kiwanda kimoja, ambacho sitakitaja jina. Ni zamani, karibu miaka 20 sasa. Lakini wiki hii mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, amenipigia simu kuniambia amepata kibarua cha usiku kwenye kiwanda cha chakula, kazi ya kusafisha. "Mjomba, kazi yenyewe ni kuosha tu," akaniambia. Kuosha tu. Makala haya nayaandika kwa sababu ya neno hilo "tu".

Tuanze Afrika Kusini

Watu wengi hapa kwetu hawakuifuatilia habari hii ilipotokea, na ni muhimu kwa sababu haikutokea Ulaya. Ilitokea katika bara letu, na chakula chenyewe kinafanana na tunachokula sisi.

Kuanzia mwaka 2017, hospitali za Afrika Kusini zilianza kupokea wagonjwa wengi kuliko kawaida wenye ugonjwa wa listeriosisi. Huu ni ugonjwa unaoletwa na bakteria aitwaye Listeria. Mtu mzima mwenye afya anaweza kumla bakteria huyu na asijue, au aumwe tumbo siku mbili akapona. Lakini kwa mama mjamzito humpita yeye akaenda kwa mtoto aliye tumboni. Mama anaweza kuhisi homa kidogo tu kama ya mafua, kisha mimba ikaharibika, au mtoto akazaliwa mgonjwa mahututi. Wazee na wale ambao kinga zao za mwili ni dhaifu nao huathirika vibaya.

Serikali ya huko ilitangaza rasmi mlipuko huo mwezi Disemba 2017. Tatizo lilikuwa kujua unatoka wapi. Listeria anaweza kukaa mwilini wiki nyingi kabla ya ugonjwa kudhihiri, wakati mwengine hata siku 70. Sasa mwambie mtu akumbuke alikula nini miezi miwili iliyopita. Nani anakumbuka?

Jibu lilikuja Januari 2018 kutoka kwa watoto wadogo. Watoto tisa wa shule moja ya chekechea huko Soweto walipelekwa hospitali ya Chris Hani Baragwanath wakiwa na homa na kuharisha. Madaktari walishuku chakula, maafisa wa afya ya mazingira wakaenda shuleni, wakafungua friji, wakakuta poloni, ile nyama ya kusagwa iliyoshindiliwa kama soseji nene, ambayo watoto walikuwa wakitiliwa kwenye mkate. Kutoka kwenye friji ile wakafuata nyayo hadi kwenye kiwanda cha Enterprise kilichokuwa mji wa Polokwane, mali ya kampuni kubwa ya Tiger Brands. Walipochukua sampuli ndani ya kiwanda na kuchunguza vinasaba vya bakteria, aina ile ile iliyokuwa ikiwaua watu ilikuwamo humo kiwandani. Tarehe 4 Machi 2018 Waziri wa Afya, Aaron Motsoaledi, aliwatangazia wananchi wasiile nyama hiyo.

Kufikia mlipuko ulipotangazwa kumalizika, Septemba 2018, zaidi ya watu 1,000 walithibitishwa kuugua na 216 walikuwa wamefariki. Shirika la Afya Duniani lilisema ni mlipuko mkubwa zaidi wa listeriosisi kuwahi kurekodiwa duniani. Sehemu kubwa ya wagonjwa walikuwa watoto wachanga wasiotimiza hata mwezi mmoja. Majirani kama Msumbiji, Namibia, Botswana na Zambia walizuia nyama hizo mipakani. Kesi ya fidia iliyofunguliwa kwa pamoja ilivutana kwa miaka, na hata mwaka 2025 familia zilikuwa bado zinangoja jambo hilo limalizike.

Poloni huko ni chakula cha watu wa kipato cha chini. Ni rahisi, haihitaji kupikwa, unakata unatia kwenye mkate. Hapa kwetu angalia smoki. Toka hapo nje uhesabu mikokoteni ya smoki na mayai ya kuchemsha kuanzia kivukoni Likoni mpaka Kongowea. Sisemi smoki zetu zina ugonjwa, na msomaji asinukuu hivyo. Nasema aina ya chakula ni ile ile: nyama iliyopikwa kiwandani, ikafungwa, ikasafirishwa, na wengi wetu tukaila ikiwa imepashwa joto kidogo tu juu ya bati, au haikupashwa kabisa.

Mbona nyama ilikwisha pikwa?

Hapa ndipo watu wengi hukwama. Nyama kama hiyo hupikwa kiwandani, na joto la kupika, likifika nyuzi 70 na zaidi mpaka ndani, humuua Listeria. Basi anatoka wapi?

Anaingia baada ya kupika. Kati ya chungu na mfuko wa plastiki kuna safari: nyama hupoozwa, huvuliwa ngozi yake, hukatwa vipande, huwekwa mezani, hupita kwenye mkanda, hufungwa. Kila kituo katika safari hiyo ni mlango. Na bakteria aliyeko kiwandani si lazima awe amekuja leo. Mara nyingi ni mkazi, amehamia na kuota mizizi.

Nitaeleza anavyoishi kwa mfano wa nyumbani. Bibi yangu alikuwa na mtungi wa maji ya kunywa. Ukiutia mkono ndani baada ya wiki, ulihisi utelezi ubavuni. Ukiusuuza kwa maji, utelezi hauondoki. Ukitia dawa ya maji, utelezi hauondoki. Bibi alikuwa akichukua makumbi ya nazi na jivu, anausugua ndani kwa nguvu, anausuuza, kisha anauanika juani mpaka ukauke kabisa. Hakusoma mikrobiolojia, lakini mambo matatu aliyoyafanya, kusugua, kusuuza na kukausha, ndiyo msingi wa usafi wa kiwanda chochote duniani.

Ule utelezi ni mji wa bakteria. Wakishajishikiza kwenye chuma, plastiki au saruji, hujitengenezea utando wa ulendalenda na kuishi ndani yake kwa maelfu na mamilioni. Ukoga wa meno ni utando wa namna hiyo hiyo, ndiyo maana kusukutua peke yake hakutoshi, sharti upige mswaki. Dawa ya kuua viini ikimwagwa juu ya utando, huua wale wa juu. Wa chini hubaki salama, na kesho wanajenga upya.

Jambo la pili ni baridi. Sisi tumezoea kuamini kwamba friji inaua. Friji haiui, friji inachelewesha. Bakteria wengi kwenye joto la chumba hapa Mombasa wanaweza kuongezeka maradufu kila dakika 20. Piga hesabu: mmoja anakuwa zaidi ya milioni 2 ndani ya saa 7. Ukiwatia kwenye friji, wengi husimama. Listeria hasimami. Huendelea kuzaana polepole kwenye baridi ambayo wenzake wamelala, na chumvi ya kwenye nyama za kusindika haimsumbui sana. Kwa hivyo chumba baridi cha kiwanda, chenye unyevu kila siku na washindani wachache, kwake yeye ni makao mazuri.

Jambo la tatu ni maficho. Mfereji wa sakafuni. Ufa kwenye saruji. Mpira wa mlango wa chumba baridi. Bomba lenye uwazi ndani. Magurudumu ya mkokoteni. Dari inayodondosha matone ya mvuke juu ya meza safi. Na zaidi ya yote, ndani ya mashine, nyuma ya bamba lililofungwa kwa skrubu, mahali ambapo unyevu na chembe za nyama hufika lakini brashi haifiki.

Jambo la nne ni dawa dhaifu. Msafishaji akipewa dawa kidogo kuliko inavyotakiwa, au akiimwaga juu ya mafuta na mabaki ya nyama, dawa hupoteza nguvu. Wanaobaki hai ni wale wanaoistahimili, na hao ndio wanaozaana. Mwenye kiwanda anadhani ameokoa pesa za dawa, kumbe anachagua mbegu.

Na msidhani kikavu ni salama. Salmonela anaweza kukaa hai kwa miezi kwenye chakula kikavu na chenye mafuta kama siagi ya njugu. Hapo hajizalishi, lakini hafi. Kwa kiwanda cha njugu, korosho au unga wa nazi, adui mkubwa ni maji yanayoingia mahali pasipotakiwa, kwa mfano paa linalovuja. Hili liwekwe akilini na wanaopanga kufufua korosho na nazi zetu hapa Pwani.

Bamba la skrubu sita

Sasa nirudi kwenye kile kiwanda cha zamani.

Mchana kilikuwa kinang'aa. Wageni wakija walivishwa kofia za karatasi na makoti meupe, wakanawishwa mikono mlangoni, wakatoka wamefurahi. Usafi wenyewe ulifanywa usiku na vibarua, wengi wao kina mama na vijana wa kulipwa kwa siku. Nilipoanza walikuwa na saa nne za kusafisha kati ya zamu na zamu. Maagizo yalipoongezeka, saa nne zikawa mbili. Hakuna aliyetoa amri ya kusafisha vibaya. Saa zilipunguzwa tu, na kazi ikajipunguza yenyewe.

Kilichofanyika katika saa mbili ni hiki: mpira wa maji wenye nguvu ulipigwa kila mahali, sakafu, mifereji, mashine. Ukitazama unaona usafi mkubwa. Lakini maji yenye nguvu yakipigwa kwenye mfereji, hurusha matone madogo hewani kama manyunyu, nayo hutua juu ya meza iliyokwisha oshwa. Yaliyokuwa chini yakawa juu. Kisha dawa ikamwagwa, kisha zamu ya asubuhi ikaingia chuma kikiwa bado kimelowa. Wenye gambuti za upande wa nyama mbichi wakapita upande wa nyama iliyopikwa kwa sababu choo kilikuwa upande huo.

Kulikuwa na mashine ya kukata vipande. Ubavuni ilikuwa na bamba lililofungwa kwa skrubu sita. Msafishaji hakuwa na spana. Spana ilikuwa kwenye droo ya fundi, na fundi alikuwa akitoka saa kumi na moja jioni. Usiku mmoja mashine iligoma, fundi akaitwa, akalifungua lile bamba. Harufu iliyotoka siwezi kuiandika katika makala yanayosomwa na watu wakila. Ndani kulikuwa na kitu cha kijivu, laini, kama uji uliolala. Nilichukua sampuli kwa pamba. Majibu ya maabara yalichukua siku kadhaa, na yalipokuja hayakuwa mazuri. Wakati huo bidhaa ya siku zote hizo ilikwisha ondoka.

Nilimpelekea mkubwa wangu karatasi ile. Alikuwa mtu mpole, si mtu mbaya. Alinitazama akasema: "Isafisheni vizuri. Lakini kitabuni usiandike."

Sikuandika.

Nilikuwa kwenye mkataba wa miezi mitatu mitatu na mke wangu alikuwa mjamzito. Mashine tuliisafisha, sampuli ya pili ikatoka safi, na mambo yakaendelea. Sijui kama kuna mtu aliumia. Sina njia ya kujua, kwa sababu njia ya kujua ilikuwa ni kile kitabu, na mimi ndiye niliyekiacha kitupu. Aliyekuja baada yangu hakujua kwamba nyuma ya bamba lile kulikuwa na mkazi.

Bamba lile si la kiwanda kimoja

Mwaka 2008 huko Canada, nyama za kampuni ya Maple Leaf kutoka kiwanda chao cha Toronto ziliua watu zaidi ya 20, wengi wao wazee. Kampuni ile ilikuwa ikisafisha mashine zake. Uchunguzi ulielekeza kidole ndani kabisa ya mashine za kukatia nyama, mahali ambapo usafi wa kila siku haukufika mpaka zilipofunguliwa vipande vipande. Mkuu wa kampuni, Michael McCain, alijitokeza kwenye televisheni akaomba radhi.

Marekani kuna kisa cha kiwanda cha nyama ya bata mzinga. Mgonjwa mmoja mwaka 1988 alihusishwa na bidhaa za kiwanda hicho. Mwaka 2000 ukatokea mlipuko katika majimbo kadhaa, na wataalamu walipolinganisha vinasaba wakakuta ni ukoo ule ule wa Listeria. Miaka 12. Mameneja hubadilika katika muda huo, wafanyakazi hubadilika, pengine hata rangi ya kuta hubadilika, lakini mkazi yule hakuhama.

Na kipo kisa cha Peanut Corporation of America, kampuni iliyotengeneza siagi ya njugu. Mwaka 2008 na 2009 Salmonela kutoka kwao alihusishwa na vifo 9 na wagonjwa zaidi ya 700. Wakuu wa kampuni walijua majibu mabaya ya maabara, na bidhaa zikasafirishwa. Mwaka 2015 mkuu wake, Stewart Parnell, alihukumiwa kifungo cha miaka 28.

Niliposoma hukumu ile nilikaa kimya muda mrefu. Tofauti yake na sisi wa lile bamba ni ukubwa. Tabia ni moja.

Kwa hivyo nikiulizwa bakteria anaishije kiwandani, nitajibu kwamba anaishi kwa utando, kwa baridi, kwa ufa na kwa dawa dhaifu. Lakini juu ya yote hayo anaishi kwa ukimya. Utando unaweza kusuguliwa, na ufa unaweza kuzibwa. Kitabu kisichoandikwa kinampa miaka 12.

Hapa kwetu tunakagua nini?

Sheria tunazo. Iko Sheria ya Afya ya Umma, iko ya Chakula, Dawa na Dutu za Kemikali. Mwenye kushika chakula hutakiwa awe na cheti cha afya kinachofanywa upya kila miezi sita. KEBS wana alama yao. Katiba ya 2010 imezipa kaunti jukumu la leseni na udhibiti wa biashara zinazouzia watu chakula. Kwa karatasi hatuko nyuma.

Lakini angalia cheti kile kinapima nini. Kinampima mtu, choo chake na damu yake. Mashine haipimwi. Mfereji haupimwi. Tunamkagua mama wa viazi karai, ambaye chakula chake kinatoka kwenye mafuta yanayochemka moja kwa moja hadi mkononi mwa mteja, kwa ukali ule ule au zaidi kuliko kiwanda ambacho chakula chake kitakaa kwenye friji wiki nne kabla ya kuliwa na mtoto. Katika miaka yangu miwili, wakaguzi waliokuja waliangalia vyeti, makoti, vyoo na leseni ukutani. Sikumwona hata mmoja aliyeomba spana.

Wapo watakaosema, tusiwatishe wawekezaji, vijana wanataka kazi. Nawajibu kwa historia yetu wenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Ulaya ilifunga mlango kwa samaki wa Afrika Mashariki zaidi ya mara moja. Mwaka 1997 ilikuwa Salmonela kwenye minofu ya sangara, ambao ndugu zetu wa Kisumu huwaita mbuta. Ikafuata hofu ya kipindupindu. Ikafuata sumu iliyotumiwa kuvulia. Walioumia zaidi hawakuwa wenye viwanda, walikuwa wavuvi na kina mama wa sokoni ambao hawajawahi kuuona mfereji wa kiwanda. Mvuvi wa Vanga au wa Lamu anayeambiwa leo kwamba kiwanda kitamnunulia jodari wake, maisha yake yatategemea usafi wa sakafu ambayo hataikanyaga. Usafi ndio unaolinda hiyo kazi.

Halali, kisha?

Nirudi kwa mzee wetu wa barazani. Alama ya halali hutuambia mnyama alichinjwa vipi na bidhaa haikuchanganywa na haramu. Ni jambo kubwa. Lakini dini yetu haikuishia kwenye halali peke yake, imetaka chakula kiwe halali na twayyib, kizuri na safi kisichodhuru. Ng'ombe aliyechinjwa kisheria, kwa bismillahi na kisu kikali, nyama yake ikipita kwenye bamba lile la skrubu sita, halali bado ni halali, lakini twayyib imekwenda wapi?

Tunajua pia kwamba tohara na usafi wa viini si kitu kimoja. Sakafu inaweza kuwa tohara, isiyo na najisi yoyote, na bado ikawa na Listeria. Kwa hivyo mashekhe na kamati zetu zinazotoa vyeti vya halali wana nafasi ambayo serikali haina. Kiwanda kinawahitaji, na wateja wanawaamini. Wakiongeza swali moja tu kwenye fomu zao, "tuonyesheni majibu ya sampuli za mifereji na mashine za miezi sita iliyopita", kiwanda kitajibu. Na kikileta karatasi ambazo hazina jibu baya hata moja kwa mwaka mzima, wasifurahi, washuku. Kiwanda kinachotafuta kwa dhati lazima siku moja kipate kitu. Anayesema hajapata kamwe, pengine hatafuti, au haandiki.

Na sisi tunaochagua madiwani, siku wanapokuja na michoro ya viwanda, tuulize mambo manne. Muda wa kusafisha umepangwa saa ngapi kati ya zamu? Wasafishaji ni waajiriwa wenye mafunzo, au vibarua wa siku ambao hawathubutu kusema? Majibu ya maabara yanakwenda kwa nani nje ya kiwanda? Na hospitali zetu za kaunti zikipata homa za kina mama wajawazito na mimba kuharibika kwa wingi usio wa kawaida, nani ataziunganisha nukta? Kadari tunaiamini, na kila mama anayepoteza mimba tunamwambia subira. Lakini Soweto wangesema kadari wakanyamaza, ile friji ya chekechea isingefunguliwa.

Nyumbani, wakati tunangoja majibu, tufanye tunaloweza. Soseji, smoki na nyama za pakiti zipashwe moto mpaka zitoe mvuke ndani, hasa kwa wajawazito, wazee na wagonjwa. Pakiti ikishafunguliwa isikae friji wiki nzima. Maziwa yachemshwe, hata yale ya mashine za mtaani. Mpira wa mlango wa friji usuguliwe, na ubao wa kukatia ukaushwe juani kama bibi alivyofanya mtungi.

Mpwa wangu anaanza kazi Jumatatu. Sikumkataza, maana kodi ya nyumba hailipwi kwa makala. Nilimwambia hivi: "Mwanangu, wewe hukuajiriwa kuosha tu. Katika jengo lile zima, wewe ndiye utakayekuwa karibu zaidi na mahali ambapo mtu anaweza kuuawa bila kujua. Uliza spana iko wapi. Anza kwa kusugua, dawa baadaye. Usiupige mfereji kwa mpira wa maji. Na ukiona kitu, andika, tia tarehe, tia saini yako."

Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Na wakinifukuza, mjomba?"

Sikuwa na jibu jepesi, kwa sababu mimi nilipokuwa na umri wake nilichagua mkataba. Nilimwambia akifukuzwa aje kwangu, na kwamba safari hii nitaandika mimi.

Tukutane wiki ijayo inshaallah.